Sungura wa Kiholanzi: jaji huangalia nini, na wewe unaweza kubadilisha nini

Picha moja imezunguka sana kwenye simu za watu hapa Malindi. Mtoto wa nchi za nje ameshika utepe wa ushindi, na mezani mbele yake ameketi sungura wa Kiholanzi, mweusi na mweupe, mdogo, hazidi sana nazi iliyofuliwa. Wiki nzima nimesimamishwa njiani kwa ajili yake. Kijana mmoja wa Ganda, hapa jirani, anayefuga sungura weupe wa New Zealand nyuma ya nyumba yao, alinijia na simu mkononi.

"Ami, hebu nieleze. Wangu ana kilo nne na nusu. Huyu hafiki hata mbili na nusu. Kashinda kwa lipi?"

Hakuuliza vibaya. Kwetu sungura hufugwa zaidi kwa kitoweo na kwa kuuza, na kitoweo kina kipimo kimoja: mizani. Tangu vilabu vya 4-K, vile vya kilimo kwa wanafunzi, vifufuliwe mashuleni mwaka 2021, watoto wengi wameanza kuwafuga, na dada yake mdogo kijana huyu ni mmoja wao. Yeye ana jike wa Kiholanzi aliyepewa na shangazi yake. Kwa hiyo nyumbani kwao mabishano yalikuwa makali: kaka ana kilo, dada ana picha.

Watu wa Lamu wangeyamaliza mabishano hayo upesi, kwa sababu wanajua punda huweza kushindanishwa kwa njia mbili. Kuna mbio, anayetangulia kufika ndiye mshindi. Na kuna mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri, ambapo hakuna anayekimbia. Mtaalamu anakagua kwato, ngozi, macho na mgongo kama una vidonda vya mzigo. Punda wa mbio akishindwa huko hajaonewa. Kipimo ni kingine.

Maonyesho ya sungura yako upande wa pili huo. Kila aina ina maelezo yake yaliyoandikwa: uzito, umbo, manyoya, rangi. Jaji hamlinganishi Mholanzi na New Zealand kwa kilo. Anamlinganisha kila sungura na maelezo ya aina yake, kisha anatazama nani amekaribia zaidi. Kwa mujibu wa ARBA, chama cha wafugaji wa sungura cha Marekani kilichoanza mwaka 1910, Mholanzi mkubwa huwa kati ya kilo 1.6 na 2.5, na anayependwa zaidi ni wa kilo mbili hivi. Akifika kilo tatu ametoka nje ya aina yake, hata awe mzuri vipi.

Tukisema sungura mchanga kwenye maonyesho ya aina hii, tunamaanisha aliye chini ya miezi sita. Huyo ndiye anayewachanganya watu zaidi, maana bado anabadilika. Na hapo ndipo penye fundo: yapo mambo kwake yanayobadilika, na yapo yasiyobadilika kamwe. Mfugaji asiyetenganisha hayo mawili humtupa wa kuweka na kumweka wa kutupa.

Jina kwanza. Sungura wa Kiholanzi ni wa Uholanzi kwa jina, lakini kazi ya kumtengeneza ilifanyika Uingereza. Babu zake walikuwa sungura wadogo wenye mabaka kutoka Brabant na maeneo ya jirani, waliosafirishwa kupitia bandari ya Ostend katika miaka ya 1830, wengi wakiwa nyama ya soko. Wafugaji wa Kiingereza waliona kwamba baadhi yao wana mabaka yaliyokaa kwa mpangilio, wakawatenga na kuwazalisha wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi, mpaka mpangilio ukatulia. Wala yeye si ndugu wa karibu wa sungura wa hadithi zetu. Yule mjanja wa porini, kitungule, ni mnyama wa jamii nyingine. Watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, ilhali wa huyu wa kufugwa huzaliwa uchi na vipofu. Nimesikia wengine wakitaka kuwachanganya "ili damu iwe na nguvu." Hawazai pamoja. Usijisumbue.

Mabaka: ifikirie leso

Ili uelewe mabaka ya Mholanzi, chukua leso, yaani kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Mama anapoichagua dukani huitandaza akakagua pindo: limenyooka? Upande huu unalingana na ule? Rangi ya pindo imemwagikia kwenye mji? Leso ya pamba nzuri ambayo pindo lake limekwenda upogo hurudishwa rafuni.

Jaji hufanya vivyo hivyo. Nyuma ya mabega ya sungura huyu pana mpaka unaomzunguka mwili mzima, mbele yake weupe, nyuma yake rangi. Wafugaji huuita tandiko. Unatakiwa unyooke kama umekatwa kwa mkasi, ushuke mbavuni, upite chini ya tumbo na kukutana na wa upande wa pili bila kuvunjika. Kule tumboni ndiko kwenye shida. Juu mstari unaweza kunyooka kama rula, ukimgeuza unakuta umechepuka, umerudi nyuma vidole viwili upande mmoja. Pale tumboni mstari unatakiwa uwe karibu na miguu ya mbele kadiri inavyowezekana, lakini usiiguse.

Usoni pana kabari nyeupe. Inaanza pana puani na kwenye masharubu, inapanda ikipungua hadi ibaki kama uzi kati ya masikio. Kulia na kushoto kwake yako mashavu ya rangi, mviringo uliojaa, yanayokaribia masharubu bila kuyafikia na kufuata taya bila kumwagikia kooni. Ni vigumu kupata mashavu mawili yanayolingana; mara nyingi moja ni kubwa, na uso huonekana umepinda hata kama mfupa uko sawa. Kisogoni panatakiwa weupe safi, pasiwe na rangi inayotiririka kutoka masikioni.

Mwisho, soksi. Nyayo za nyuma zina rangi, lakini kuanzia ncha za vidole weupe unapanda hadi kama thuluthi ya wayo, sentimita tatu hivi, kisha unakatika sawasawa. Soksi moja ndefu na moja fupi ni kasoro inayoonekana mbali.

Katika vigezo vya Marekani, karibu nusu ya alama zote za Mholanzi ziko kwenye mabaka haya. Basi mtu akikuambia sungura wake ni Mholanzi kwa sababu tu ni mweusi na mweupe, mwombe umgeuze. Chotara wengi wa sokoni wana pua nyeupe na vidole vyeupe, wakauzwa kwa jina hilo. Tena rangi si nyeusi peke yake. Wapo wa buluu, ambayo hasa ni kijivu cha wingu la mvua, wapo wa chokoleti, na wapo wenye rangi ya gamba la kobe.

"Atanyooka akikua"

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Mtu ana sungura wa wiki tatu, mstari wa mgongoni una jino kama la msumeno, anasema atanyooka akikua. Hanyooki. Ngozi inatanuka na jino linatanuka nalo.

Sababu iko tumboni mwa mama. Mtoto anapoanza kuumbika, seli zinazotengeneza rangi huanzia upande wa mgongo na kusafiri kusambaa mwilini. Zilipofika, nywele zitaota na rangi. Ambapo hazikufika panabaki peupe. Fikiria maji kujaa pale ufukweni. Urithi wa wazazi ndio unaoamua maji yapande hadi wapi, lakini kila yanapojaa huacha mstari wake kwenye mchanga, na hakuna siku mistari miwili imekuwa sawa kabisa. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja, siku moja, baba mmoja, mmoja ana tandiko la kupendeza na mwingine ana jicho moja ndani ya weupe.

Wakishazaliwa, maji yameshakupwa. Mstari ni huo.

Jambo hili lina faida kubwa kwa mfugaji. Huna haja ya kungoja. Watoto wa sungura huzaliwa uchi, na kufikia siku ya tatu au ya nne rangi tayari inaonekana kwenye ngozi kama kivuli. Siku hiyo, kwa mikono safi na haraka, waweza kuwakagua mmoja mmoja: tandiko, tumbo, mashavu, soksi. Aliyekosa mabaka siku ya nne amekosa maisha yake yote. Hii haina maana umtupe. Atakua mzima, ataliwa au atapendwa na mtoto wa jirani, na jike mwenye mabaka mabovu kidogo lakini mwili mzuri huweza kuzaa watoto wenye mabaka mazuri. Unajua tu kwamba si wa meza ya jaji.

Na usitegemee kwamba wazazi mabingwa watazaa mabingwa watupu. Mpangilio wenyewe hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, lakini unyoofu wa mistari huongozwa na mambo mengi madogo ya urithi yanayochanganyika upya kila uzao. Ukipata mmoja au wawili wa kuonyesha kati ya sita, shukuru.

Je, kung'oa nywele chache zilizovuka mpaka? Au kugusa kwa rangi? Huo ni udanganyifu, na sungura huondolewa mashindanoni. Mtoto asifundishwe hilo hata kwa mzaha.

Mwili: hapa subira inalipa

Mabaka ni ya siku ya nne. Mwili ni habari nyingine kabisa, na hapa mimi mwenyewe nilipata hasara. Nilikuwa na jike mwenye tandiko safi na soksi zinazolingana. Akiwa na miezi mitatu na nusu akarefuka, miguu ikawa mingi, mgongo ukawa bapa. Nikamuuza. Nilipomwona tena ana miezi sita, alikuwa amejaa na kuviringana, sungura ambaye sijapata mwingine kama yeye. Bado naumia.

Umbo linalotakiwa ni fupi, nene, la mviringo. Chukua kifuu cha nazi ukifunike mezani: ukikitazama kwa ubavu, mstari unapanda taratibu, unafika juu, unashuka kwa mviringo bila kona. Mgongo wa Mholanzi unatakiwa uwe hivyo. Unaanza shingoni, unapanda hadi juu ya nyonga, unashuka umejaa hadi mkiani. Kichwa ni cha mviringo kinachokaa karibu na mabega, na masikio ni mafupi, manene, yenye manyoya, yamesimama.

Katika wiki ya nane hivi mtoto huonyesha umbo hili kwa muda, kama ahadi. Huo ni wakati mzuri wa kumpima mara ya kwanza. Kisha wengi huingia miezi ya ujana, miguu na masikio yanakimbilia mbele, mwili unachelewa. Usimhukumu wakati huo. Mpime tena akikaribia miezi mitano.

Manyoya nayo yana saa yake. Ya utotoni ni laini na rangi yake imefifia. Hunyonyoka, yakaja ya ukubwani yenye rangi nzito na mng'ao. Sugua ya ukubwani kinyume, kutoka mkiani kwenda kichwani: yanatakiwa yarudi mahali pake upesi yenyewe. Sungura aliye katikati ya kunyonyoka huonekana mchafu hata akiwa mzima, na jaji atampunguzia alama za hali ya mwili.

Yapo machache yasiyo na subira. Meno ya mbele ya juu yafunike kidogo ya chini. Yakigongana au ya chini yakitangulia, mara nyingi ni kasoro ya kurithi, na huyo usimzalishe. Pua iliyolowa, masikio yenye ukoko ndani, vidonda nyayoni: huyo abaki nyumbani atibiwe. Jicho lenye doa jeupe au macho mawili ya rangi tofauti humtoa nje.

Mkao

Sasa tumefika kwenye lile ambalo dada mtu wa Ganda alikuja kuniuliza kwa sauti ndogo, kaka yake akiwa hayupo: "Na yule wa kwenye picha amewezaje kutulia vile?"

Watu hudhani mkao ni mapambo, kama kumpanga bi harusi kwa ajili ya kamera. Mkao ni namna ya kumwezesha jaji kuona mwili ulivyo. Sungura aliyejinyoosha kama anayelala mchana huonyesha mgongo bapa hata kama Mungu amempa wa mviringo. Aliyejikunja kwa woga huonyesha nundu asiyokuwa nayo.

Anza na meza. Weka kipande cha zulia au gunia lililokunjwa. Nyayo za sungura hazina nyama ngumu kama za paka, ni manyoya tu, na juu ya mbao tupu huteleza. Sungura anayeteleza haogopi meza peke yake, anakuogopa na wewe uliyemweka.

Mnyanyue kwa mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukibeba makalio, umkumbatie kifuani. Kumbeba kwa masikio ni kumtesa. Kumwacha miguu ya nyuma ikining'inia ni hatari zaidi, kwa sababu misuli ya mapaja yake ina nguvu kuliko uti wa mgongo wake. Akirusha teke hewani anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Mtoto mdogo asimame karibu na meza, au akae chini kabisa, ili akiponyoka asianguke mbali.

Mweke ubavu wake ukikuelekea. Kiganja kimoja kitulie juu ya kichwa, kikifunika macho kidogo. Giza dogo hilo humpoza. Mkono wa pili uinue sehemu ya nyuma kidogo tu, kisha uishushe ili miguu ya nyuma ikae chini ya mapaja, vidole vikifika usawa wa goti lake. Isibaki nyuma, isisukumwe mbele hadi chini ya tumbo. Halafu nyayo za mbele: zilale bapa, chini ya macho. Ukiangusha uzi kutoka jichoni, uzi huo ufikie vidole. Pitisha kiganja kutoka mabegani hadi mkiani, mara moja, polepole. Ondoa mikono.

Atasogea. Kila mmoja husogea mwanzoni. Mrudishe kwa upole uleule, usimfinye, usimpigie kelele. Akitulia kwa kuhesabu hadi tano, mpapase umrudishe kibandani. Kesho kuhesabu hadi kumi. Dakika mbili tatu kila jioni, kuanzia anapoachishwa kunyonya, zinatosha. Robo saa ya lazima humfanya aichukie meza. Ukianza akiwa na miezi mitano unapigana na mazoea aliyokwisha kujiwekea.

Kosa linalotokana na hamu ya kushinda ni kumsukuma. Mtu anabana makalio na mabega vikaribiane ili mgongo upande. Kwa macho unapanda, lakini jaji hapimi kwa macho tu. Atapitisha mkono wake begani hadi kitako, na vidole vitakuta mifupa ya nyonga imejitokeza na misuli haipo. Kinachojaza pale ni majani makavu ya kutosha, chakula kisichobadilishwa ghafla, na nafasi ya kurukaruka.

Jaji pia atamgeuza chali kidogo ili aone meno, jinsia, nyayo na ule mstari wa tumboni, kwa hiyo mzoeshe hilo kwa sekunde chache. Lakini usifanye mchezo wa kumlaza chali mapajani hadi akaganda, kama ninavyoona kwenye video, watu wakisema "amelala, anastarehe." Hajalala. Ni woga wa mnyama aliyezoea kuwindwa, anayejifanya maiti akingoja nafasi ya kukimbia.

Joto letu

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwenye nchi za baridi, na haviwezi kukuonya vya kutosha juu ya Malindi mwezi wa tatu, kaskazi imekufa na kusi haijaja. Sungura hatoki jasho kama sisi. Joto lake hutoka zaidi kupitia masikio, na Mholanzi amepewa masikio mafupi. Ikipita nyuzi 30 anaanza kutaabika. Paa la makuti ni bora mara nyingi kuliko bati. Chupa ya maji iliyogandishwa, ikifungwa kitambaa na kuwekwa kibandani, ataiegemea mwenyewe. Akihema kwa mdomo wazi, pua imelowa na masikio ya moto, yalowanishe masikio kwa maji ya kawaida na umpeleke penye upepo. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu.

Kama unampeleka hadi maonyesho ya kilimo ya Mombasa, pale Mkomani, safiri alfajiri. Usimfundishe mkao saa saba mchana. Atakuwa mzito, utadhani amekuwa mtulivu, kumbe anaungua.

Jike wa yule mtoto wa Ganda amezaa wiki iliyopita. Nilikwenda juzi jioni, tukawakagua siku yao ya tano, kaka mtu akishika tochi. Wako sita. Wanne mistari yao imekwenda ovyo, mmoja kati yao ana doa la rangi katikati ya weupe wa bega. Wawili wana tandiko linalozunguka bila kuvunjika, ingawa mmoja soksi yake ya kushoto ni fupi. Yule wa mwisho tumemgeuza mara mbili kwa sababu hatukuamini. Tumemtia alama ndogo ya kalamu ndani ya sikio, tukamrudisha kwenye kiota, tukafunika. Tutampima mwili akifika wiki nane.